Vizuri Sana, Wapi?

Mwaka juzi niliandika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kwenye gazeti la Kiingereza. Maneno mia nne tu, ile nafasi ya Jumapili inayobaki baada ya matangazo kukaa. Mwandishi wa riwaya ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mama wa miaka sitini na ushee, aliyechapisha kitabu kwa fedha ya kiinua mgongo chake. Kwenye aya ya mwisho nikasema kitabu chake ni "superbly written". Nikatuma, mhariri hakugusa kitu, Jumapili ikatoka.

Jumatatu asubuhi akanipigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gazeti nimeliona, nimeshukuru. Sasa nina swali moja. Hii superbly ndiyo nini kwa Kiswahili?"

"Ni vizuri sana, Mwalimu. Tena zaidi ya vizuri sana."

"Vizuri sana wapi?"

Nikanyamaza, nikidhani sijasikia sawasawa. Akarudia polepole, kama anaongea na mtoto wa darasa la tatu. "Nauliza, vizuri sana wapi? Mimi nimesahihisha insha miaka thelathini. Nikimwandikia mtoto 'vizuri sana' chini ya ukurasa, huko juu nimeshaweka vema pale palipo vizuri na mkasi pale palipoharibika. Akifungua daftari anaona mwenyewe. Wewe umeniandikia vizuri sana, vema sizioni."

Nikamjibu maneno ya kuzungukazunguka, kwamba gazetini nafasi ni finyu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma sura nne za mwanzo, nikaruka hadi mbili za mwisho. Kitabu kina sura kumi na nne.

Tangu siku ile neno hilo limenikwama kooni. Nimelitumia mara nyingi mno kulichukulia kama bahati mbaya ya siku moja, kwa hiyo nikaanza kulichunguza: limetoka wapi, linafanya kazi gani kwenye sentensi, na kwa nini lilinifaa sana siku ambayo sikuwa na la kusema.

Asili yake ni Kilatini, "superbus", yaani mwenye kiburi. Mfalme wa mwisho wa Roma, ambaye kwa mapokeo Warumi walimfukuza mwaka 509 K.K., anajulikana kama Tarquinius Superbus, na jina hilo halikuwa la kumsifu. Ni kama kusema Tarquinius Mwenye Majivuno. Kiburi chenyewe, "superbia", ndicho kinachoongoza orodha ya dhambi saba kuu, na Dante alipoandika safari yake ya toharani aliwaweka wenye kiburi kwenye ngazi ya kwanza ya mlima, wamebebeshwa mawe mazito mgongoni mpaka wameinama. Mhispania hadi leo akisema "soberbia" anazungumzia kiburi.

Neno lilipofika kwenye Kiingereza lilianza kuwa sifa ya vitu vyenye fahari, majumba na mapambo, kama jumba la kifalme linalosimama utadhani linajiona. Picha ya kiburi bado ilikuwa inaonekana kwa mbali. Baadaye likateremka kwa kila mtu na kila kitu: supu, gari, golikipa, riwaya. Leo Mwingereza akisema mtu kaimba "superbly" hana habari ya Tarquinius wala ya mawe ya Dante. Anachomaanisha ni kwamba kaimba vizuri kupita kiasi cha kawaida.

Ndugu zake wa karibu wamepita njia hiyo hiyo. "Brilliantly" na "splendidly" zote zilitoka kwenye kung'aa. "Marvellously" ilitoka kwenye kustaajabu. "Terrifically" ilitoka kwenye kutisha, na sasa inasifia keki. Kila moja ilianza na picha yake, ikatumika mpaka picha ikafutika, kama sura ya sarafu iliyopita mikono mingi. Iliyobaki ni thamani yake dukani tu.

Kabla hatujawacheka Waingereza, tujisikilize wenyewe. Dada anaimba balaa. Kapendeza vibaya. Anapika hatari. Mtu katokelezea kwenye harusi, anaambiwa "umeua!" Hakuna aliyekufa, hakuna hatari yoyote jikoni, na huyo aliyependeza vibaya amependeza vizuri. Msamiati wetu wa mtaani umechukua maneno ya maafa na kuyageuza vipimo vya ubora, njia ile ile iliyopitiwa na "terrifically". Hii ndiyo tabia ya sifa katika lugha nyingi: inaanza na picha, inaishia kwenye kiasi.

Hapa naomba turudi darasani kidogo. Mnakumbuka vielezi. Kuna vya namna, vinavyojibu swali la jinsi gani. Kuna vya idadi au kiasi, vinavyojibu kiasi gani au mara ngapi. Kuna vya wakati, na kuna vya mahali. "Superbly" kwa umbo ni kielezi cha namna. Ina ile "-ly" ya Kiingereza kama sare ya kazi. Lakini ukiiuliza "kwa namna gani?", haina jibu. Mtu akisema mwandishi ameandika kwa kejeli, kwa mkato, kwa upole, kwa kuficha, hapo umepata namna. Akisema ameandika "superbly", umepata alama ya mtihani bila kuona karatasi. Ni kielezi cha kiasi kilichovaa sare ya namna. Na Mwalimu, bila kutaja sarufi hata kidogo, alikuwa ananidai kielezi cha mahali.

Tazama pia tabia zake kwenye sentensi. Kwa kawaida halipendi "very" mbele yake, maana lenyewe tayari liko kileleni. Linapenda sana kukaa mbele ya kitenzi kilichogeuzwa kuwa cha kutendwa: kitabu kimeandikwa hivyo, filamu imeigizwa hivyo, jengo limesanifiwa hivyo. Mtazamaji mwenyewe hayumo. Hakuna "nililia", hakuna "nililala kwenye sura ya sita", hakuna "nilirudia ukurasa". Na ni nadra sana kulikuta limekanushwa kwenye uhakiki. Sijawahi kuona mhakiki akiandika kwamba riwaya fulani "haikuandikwa superbly". Sasa kipimo ambacho hakisomi chini ya tisini, hicho kinapima nini?

Linganisha na tunavyosema sisi tukiwa hatujavaa tai. "Kuandika anaandika." Sentensi fupi, haina kielezi hata kimoja, lakini kila Mswahili anasikia kwamba inakuja "ila". Kuandika anaandika, ila mazungumzo ya wahusika yanamshinda. Kuimba anaimba, ila pumzi. Hiyo ni sifa inayoacha mlango wazi, na msikilizaji anasubiri kuona nani ataingia. "Superbly" inafunga mlango na kuzima taa.

Mfano ulionisaidia zaidi kuelewa suala hili niliupata kwa ndege. Kuna kwezi mmoja anayepatikana sana Afrika Mashariki, Serengeti amejaa, anarukaruka mpaka kwenye meza za watalii. Jina lake la Kiingereza ni Superb Starling, na la kisayansi ni Lamprotornis superbus. Huyo hapo Tarquinius wetu, kwenye nyasi za Serengeti. Lakini ukimwendea mwongoza watalii umwambie "nionyeshe huyo kwezi mzuri sana", jina halitamsaidia, maana kuna kwezi mwingine wa kufanana naye, anaitwa kwa jina la Mjerumani Hildebrandt. Wote wawili mgongo unang'aa buluu, wote tumbo rangi ya kutu. Sasa mwongozaji anayejua kazi yake anakwambia: tazama kifuani. Mwenye mstari mweupe kati ya buluu ya kifua na rangi ya tumbo ndiye. Tazama na jicho: la huyu ni jeupe, la yule ni jekundu. Basi. Sekunde tatu, umeshajua kuona, na kesho utamtambua bila mwongozaji.

Kazi ya mhakiki ni hiyo ya pili. Jina la sifa lipo, hakuna anayelikataa, lakini msomaji hajakusaidika mpaka umwambie atazame kifuani.

Tatizo hili huko Uingereza ni la siku nyingi. George Orwell alilalamika mwaka 1936, kwenye insha ya kuitetea riwaya, kwamba sifa za kupindukia zinazoandikwa kuhusu vitabu ndizo zinawafanya watu wenye akili waache kusoma riwaya. Hoja yake ilikuwa na mzani ndani yake: mhakiki anapewa mzani wa kupimia tembo, halafu kila wiki anapimishwa kiroboto. Ili mshale usogee inabidi adanganye. Miaka kumi baadaye, 1946, akaandika tena kuhusu maisha ya mhakiki wa kulipwa: chumba kimejaa vumbi, vitabu vimekuja kwa furushi, na huyu mtu analazimika kubuni hisia juu ya vitabu ambavyo havimgusi popote. Nilipoisoma insha hiyo niliona aibu kidogo. Nilidhani uvivu wangu ni wangu peke yangu.

Biashara yenyewe inalijua tatizo. Januari 2025, mchapishaji wa tawi kuu la Simon & Schuster, Marekani, Sean Manning, alitangaza kwamba hawatawalazimisha tena waandishi wao kutafuta sentensi za sifa kutoka kwa waandishi wenzao ili zibandikwe kwenye jalada. Walioomba sentensi hizo wanajua zinavyopatikana: kwa urafiki, kwa deni, kwa kumwogopa mtu utakayemwomba wewe mwakani. Katika soko la namna hiyo vielezi kama "superbly" na "brilliantly" vinapita mkono kwa mkono kama mchango wa harusi. Umenichangia, nitakuchangia.

Na sisi? Sisi tumeanza mapema zaidi, kidato cha tatu. Nani amesahau "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi"? Uwe umesoma Takadini au Watoto wa Mama Ntilie, jibu lilikuwa limeshaandaliwa: mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kimaudhui na kifani, ametumia lugha nyepesi inayoeleweka, amewajenga wahusika wake kwa ustadi mkubwa. Kwenye kutofaulu tulitafuta kitu kidogo kisichomuumiza mtu, kwa mfano kwamba ametumia maneno machache ya lugha za kigeni. Alama zikapatikana, tukaenda chuo, tukawa waandishi wa habari. Nikiwa mkweli, "superbly written" yangu ya gazetini ilikuwa "amefaulu kwa kiasi kikubwa" iliyopanda ndege.

Nasikitika zaidi kwa neno "ustadi", maana lenyewe bado lina picha. Ustadi ni wa mtu aliyefunzwa kazi akaiva, fundi ambaye ukiutilia shaka mlango wake anakupeleka ukautazame pale mbao zilipokutana. Neno hilo linakaribisha swali la "wapi". Sisi tumelichakaza mpaka nalo limekuwa kiasi tu. Siku hizi ukisoma "kwa ustadi mkubwa" hutazamii kuonyeshwa kiungo chochote.

Wapo watakaosema basi tufute vielezi vyote. Stephen King, kwenye kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uandishi, hana huruma navyo kabisa, na wanafunzi wengi wa uandishi wamelibeba hilo kama amri ya Musa. Sikubaliani. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel, wenye tuzo walieleza sababu kwa sentensi moja. Hawakusema ameandika vizuri sana. Walisema amepenya katika athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi, na wakataja amepenya vipi: bila kulegeza na kwa huruma. Namna mbili, tena namna zinazovutana. Sentensi hiyo unaweza kwenda nayo kwenye kitabu ukaisahihisha.

Chukua Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kama Peponi. Yusuf ni mtoto anayedhani anaenda kutembea kwa mjomba, kumbe baba yake amemweka rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Kutolegeza kuko hapo: hakuna anayefika kumwokoa mtoto, na wala Gurnah hatupi zamani za kabla ya Wazungu zikiwa safi zimepigwa pasi. Huruma nayo iko hapo: Aziz mwenyewe ni mtaratibu, mpole wa sauti, ananukia vizuri, na unajikuta unaelewa kwa nini mtoto anampenda. Ukibishana na sentensi ya Nobel, una mahali pa kusimamia ubishi wako. Na "superbly" utabishana nayo vipi? Utasema "hapana"?

Nikubali jambo moja, neno hili si la kutupwa. Lina mahali pake, nako ni pale wanaoongea wote wameona kitu kile kile kwa wakati ule ule. Mpira umeingia wavuni kutoka mita thelathini, jirani yako jukwaani akasema "superb!", ametosha. Hakuna haja ya kueleza, goli mmeliona nyote. Ni kelele ya furaha ya pamoja. Msomaji wa uhakiki hajakaa jukwaani. Kitabu hajakiona, na huenda elfu kumi na tano yake ndiyo inasubiri neno lako. Ukimpigia kelele ya jukwaani, umemwacha nje ya uwanja akisikiliza makofi ya watu.

Wazee wetu wa pwani walishalitatua hili bila semina. Kwenye taarabu, mtu hatunzi mwimbaji mwishoni mwa onyesho kwa sababu eti wimbo mzima ulikuwa mzuri. Anainuka pale neno lilipomchoma. Ubeti umefika kwa mwenza asiye na shukrani, mama huyo kanyanyuka, noti mkononi, anatembea taratibu ili aliyekusudiwa amwone vizuri. Ukumbi mzima unajua ni mstari upi, na wengine wanajua hata ni jirani yupi. Hiyo ni sifa yenye anwani, na imemgharimu aliyeitoa.

Miezi kama mitatu baada ya simu ile nilikitoa tena kitabu cha Mwalimu. Nikakisoma chote, sura kumi na nne, na penseli mkononi. Sura ya saba, ukurasa wa 87, kuna mwanamke ambaye mumewe alikwenda baharini. Hakuna anayesema mume amekufa. Hakuna kilio wala tanga. Asubuhi moja mwanamke anainuka, anaipandisha sufuria kubwa juu ya kabati, anashusha ndogo, anaendelea kupika. Mtoto anauliza kwa nini wali umekuwa mchache, naye anamjibu kwamba unatosha. Nilifunga kitabu nikatoka nje kusimama kidogo. Sura hiyo ni mojawapo ya zile nilizoziruka.

Sura ya tisa hadi ya kumi na moja, kitabu kinakufa. Mhusika mkuu anageuka kuwa risala. Anahutubia kijiji kuhusu elimu ya mtoto wa kike, maneno yote ya kweli, hakuna hata moja linalotoka kinywani mwa mtu. Ni kama mwandishi alichoka kuwaamini wasomaji wake, wale wale ambao kurasa chache nyuma aliwaamini kwa sufuria tu.

Nikampigia. Nikamwambia ukurasa wa 87, nikamwambia na hizo sura tatu. Nilikuwa nimejiandaa anikasirikie. Akakaa kimya hadi nikaitazama simu kama imekatika.

"Hiyo sura ya tisa nilijua," akasema. "Nilijua tangu naiandika. Nilikuwa nangoja kuona kama kuna mtu atafika huko."

Jina la kitabu ameniomba nisilitaje mpaka amalize kukirekebisha. Anasema sura tatu zitakuwa moja, labda nusu. Nakala yangu bado iko mezani, na pembeni ya ukurasa wa 87 kuna vema moja ya penseli ambayo nilichelewa kuiweka.